Nani Hulipia Somo la Usanifu wa Programu?

Msimu wa mafunzo kazini ukifika, ofisi nyingi za Nairobi zinazotengeneza programu hupokea vijana wa mwaka wa tatu kutoka vyuo vikuu vya Chiromo, Madaraka na Juja. Nimekaa nao kwa miaka kadhaa, na ombi langu la kwanza halibadiliki: nionyeshe mradi uliojenga, kisha uniambie kwa nini umeujenga hivyo. Mwaka jana kijana mmoja alinionyesha mfumo wa maktaba ya shule ya upili. Wanafunzi wa shule yenyewe hawakufika mia nne. Mfumo alikuwa ameugawa katika huduma sita zinazojitegemea, kila moja na hifadhidata yake (ghala lake la taarifa), zikiwasiliana kwa kupitishiana ujumbe. Mchoro wake ulipendeza. Nilipomuuliza kwa nini sita, alisema kampuni kubwa hufanya hivyo, akaitaja Netflix, kampuni ya kuonyesha filamu mtandaoni.

Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Alipewa jibu kabla ya kukutana na swali. Lakini kisa chake kinagusa mjadala ambao walimu wa kompyuta na waajiri wa jijini hawajaumaliza: mwanafunzi asomeshwe usanifu wa programu mapema, au aachwe kwanza ajenge, akosee, aumie, ndipo aelezwe?

Wanaosema ajenge kwanza wana hoja nzito. Usanifu, ukiuvua majina yake makubwa, ni kazi ya kujiandaa kwa mabadiliko. Unaamua leo kipi kikae pamoja na kipi kitengwe, ili kesho kitu kimoja kikibadilika usilazimike kufumua vyote. Mradi wa chuo haubadiliki. Unaanza mwanzoni mwa muhula, unawasilishwa mwishoni, unapewa alama, unasahaulika. Hakuna mteja atakayerudi miezi saba baadaye akidai risiti ziwe na tarakimu nyingine, wala hakuna mwenzako atakayefungua msimbo wako, yaani maandishi ya programu yenyewe, usiku wa manane akitafuta hitilafu. Katika hali hiyo, mpangilio mzuri na mpangilio mbovu hupata alama zilezile, na mwanafunzi hana namna ya kuhisi tofauti.

Hata ruwaza 23 mashuhuri za usanifu, zilizochapishwa na waandishi wanne mwaka 1994, zilitokana na mifumo iliyokuwa imeshajengwa. Waandishi hao walikusanya masuluhisho ambayo wajenzi walikuwa wakiyarudia, wakayapa majina. Mtu aliyewahi kukwama akiisoma ruwaza huitambua papo hapo, kama anayesimuliwa ugonjwa aliowahi kuugua. Asiyewahi kukwama huikariri, kisha huzunguka na jina hilo akitafuta mahali pa kulibandika. Ndiyo asili ya zile huduma sita za maktaba.

Kwa muda mrefu nilikuwa upande huo. Kilichonitikisa ni malipo ya simu.

M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo ni vigumu kupata mradi wa mwanafunzi wa Nairobi usiotaka kupokea pesa kupitia kwake. Lango la kuunganishia mfumo wako na M-Pesa linaitwa Daraja, nalo limekuwapo tangu 2017. Mteja akibonyeza "lipa", mfumo wako hutuma ombi, na Daraja hujibu mara moja kwamba ombi limepokewa. Jibu hilo halisemi kwamba pesa imelipwa. Linasema tu kwamba mteja ataletewa kisanduku cha kuweka PIN kwenye simu yake. Anaweza kuweka namba yake ya siri, anaweza kukataa, anaweza kuwa hana salio, au simu ikazima chaji. Matokeo huja baadaye, kama ujumbe tofauti unaotumwa kwenye anwani ya mtandaoni uliyoitaja katika ombi lako. Seva yako, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, ikiwa imelala wakati huo, unaweza kuukosa.

Mwanafunzi asiyejua lolote kuhusu usanifu huona jibu la kwanza na kuandika "amelipa". Nimeliona kosa hili mara nyingi kuliko kosa lingine lolote. Aliyefundishwa mapema huuliza maswali matatu kabla ya kuandika mstari: ujumbe ukichelewa itakuwaje? Ukipotea je? Ukifika mara mbili je? Basi huhifadhi namba ya ombi, huacha muamala ukiwa "unasubiri", huweka kazi ya kwenda kuuliza hali yake usipopata majibu, na huhakikisha kwamba ujumbe uleule ukirudi haumwongezei mteja salio mara ya pili.

Hapo ndipo kauli ya "mwache aumie, atajifunza" inaponishinda, kwa sababu anayeumia si yeye. Ni mama anayeuza mitumba Gikomba, aliyeambiwa na mfumo kwamba mzigo umelipiwa, akautoa, jioni akahesabu na kukuta pengo. Mwanafunzi atapata somo, na bili atapelekewa mama.

Kuna jambo la pili ambalo wenzangu wa "jenga kwanza" huliruka. Wanasema ufundi huu hupatikana kwa kukaa na fundi, na ni kweli. Lakini ni nani hupata fundi? Kijana mwenye mjomba kwenye kampuni ya Westlands, au mwenye nauli ya kuhudhuria mikutano ya wanaprogramu kila wiki, humpata. Mwenzake anayetoka darasani akakimbilia kibarua hampati. Kwake, darasa ndilo fundi. Tukiondoa usanifu darasani kwa hoja kwamba utajifunzwa kazini, tumewaachia wenye jamaa kazini.

Wala si kweli kwamba misingi yenyewe ni mizito mno kwa mwanafunzi mchanga. Mwaka 1972 mwanasayansi wa kompyuta David Parnas aliandika makala akipendekeza kwamba programu isigawanywe kwa kufuata hatua za kazi, bali kila sehemu ifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika. Wazo hilo naweza kumweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa mfano wa shule inayotuma SMS kwa wazazi. Leo shule inanunua SMS kwa kampuni moja, mwakani itahamia kwa nyingine yenye bei nafuu. Msimbo wa kuzungumza na kampuni hiyo ukitapakaa katika kurasa za karo, mahudhurio na matokeo, utabadilisha kila mahali. Ukikaa sehemu moja, utabadilisha mara moja. Dakika kumi zinatosha, na halihitajiki neno hata moja la kutisha.

Kwa hiyo nakubali usanifu uanze mapema. Ninachopinga ni kuusomesha kwa michoro ya kunakili na mtihani wa kukariri. Kama tatizo ni kwamba mradi wa chuo haubadiliki, basi tuufanye ubadilike. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wapewe mradi wa waliowatangulia, waongeze kitu ambacho waliouandika hawakukitarajia. Wiki mbili za kuhangaika ndani ya msimbo wa mtu mwingine hufunza zaidi ya muhula wa slaidi, na hakuna mfanyabiashara anayepoteza shilingi.

Pia kila uamuzi mkubwa uandikiwe ukurasa mmoja. Mwaka 2011 mtengenezaji wa programu Michael Nygard alipendekeza kumbukumbu fupi za namna hii: hali ilikuwaje, tuliamua nini, na uamuzi huo unatuletea nini, kizuri na kibaya. Uzito uko kwenye hicho kibaya. Mwanafunzi anayeweza kutaja gharama ya uamuzi wake ameuelewa, na asiyeweza ameuazima.

Mimi huongeza sharti moja, nalo ni kwamba maelezo ya mdomo yawe kwa Kiswahili. Wengi hushangaa, kwa kuwa wamesoma yote kwa Kiingereza. Lakini mtu akilazimika kusema "nimezitenga hizi mbili kwa sababu..." bila kujificha nyuma ya jina la ruwaza, sababu hujitokeza, au hujulikana kwamba haipo.

Mapendekezo haya yana mashimo. Tangu mwisho wa 2022, programu za akili mnemba zinaweza kumwandikia mwanafunzi msimbo na ukurasa wa sababu vilevile, kwa lugha laini kuliko yake. Dawa ninayoijua ni kumkalisha chini, kumwambia "sasa shule ina matawi mawili", na kumtazama anavyofikiri. Kumkalisha mmoja mmoja kunahitaji saa nyingi, na mwalimu mwenye darasa la wanafunzi mia moja hana saa hizo. Hoja hii siwezi kuipangua. Sisi wa ofisini tunaolalamika kwamba wahitimu hawajui kubuni mifumo tungeweza kubeba sehemu ya mzigo huo, na wengi wetu hatujaubeba.

Yule kijana wa maktaba nilimpa wiki tatu na seva ndogo ya kukodi yenye gigabaiti moja ya kumbukumbu. Huduma zake sita hazikuenea. Alizirudisha ziwe programu moja, akaacha mipaka yake ndani kama sehemu tatu: vitabu, wasomaji, na uazimaji. Kisha akaandika ukurasa wake. Chini ya "kibaya" aliweka sentensi mbili: programu ikianguka, maktaba nzima inasimama, lakini maktaba hufungwa saa kumi na moja, na daftari la mkutubi bado lipo mezani.