Mzazi arudishiwe spana kwenye mbio za gokati

Gokati ya kwanza, yaani kigari kidogo cha mbio, iliundwa California mwaka 1956 na Art Ingels, aliyefunga injini ya mashine ya kukatia nyasi kwenye fremu ya mabomba ya chuma. Mchezo ulizaliwa gereji, na kwa miongo mingi ulibaki kazi ya familia: mtoto anaendesha, mzazi anashika spana.

Leo hata kwenye mbio za klabu za watoto wa miaka minane au tisa unakuta timu zenye mahema makubwa, mafundi wa kulipwa, kocha, na mtu wa kuchambua data za kifaa kilichofungwa kwenye usukani. Mzazi amebakiwa na kazi ya kulipa, na hilo linaniuma kuliko gharama yenyewe.

Gokati haina springi, shokapu wala difu, ile gia inayoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti. Ekseli ya nyuma ni kipande kimoja, magurudumu yote mawili yanazunguka kwa kasi ileile. Ili ikate kona vizuri, fremu inapaswa kujipinda kidogo mpaka tairi la nyuma la upande wa ndani linyanyuke. Kwa hiyo upepo wa tairi, upana kati ya magurudumu ya nyuma, hata mahali kiti kilipofungwa, vyote vinabadilisha mwendo. Mtoto aliyelegeza na kukaza nati hizo akiwa na mama au baba yake anaielewa gokati kwa mikono kabla hajaielewa kwa maneno. Anayekabidhiwa chombo kilichokwisha kutengenezwa anakosa nusu ya mchezo. Na nusu hiyo ndiyo itakayomfaa hata asipofika popote kwenye mbio, kama ilivyo kwa wengi wao.

Wazazi wa Esteban Ocon, dereva aliyefika Formula 1, waliuza nyumba ili aendelee kushindana. Baba yake Lewis Hamilton, bingwa wa dunia wa Formula 1, alifanya kazi zaidi ya moja. Watu husimulia habari hizi kwa kusifu, nami nawaheshimu wazazi hao. Lakini mchezo wa watoto unaodai nyumba ya familia una kasoro, na dereva mmoja kufika Formula 1 hakuifuti.

Weledi katika usalama naupokea kwa mikono miwili: helmeti za viwango, waamuzi waliofunzwa, vizuizi imara. Kwingine tuweke mipaka. Kwenye fainali za dunia za Rotax, mashindano ya gokati yenye jina la watengenezaji wa injini, madereva hugawiwa gokati kwa kura. Ikiwa jambo hilo linawezekana huko juu, klabu nazo zinaweza kudai injini zilizofungwa kwa lakiri ili zisichezewe, seti moja ya matairi kwa wikiendi, na kupunguza siku za mazoezi ya kulipia kabla ya mbio. Tena ningependa kila klabu iwe na daraja moja ambalo siku ya mashindano hakuna fundi wa kulipwa anayeruhusiwa kugusa gokati, isipokuwa dereva na ndugu zake.