Mchezo ukivunjika

Juzi wakubwa zangu watatu walikaa mbele ya wageni hapa London wakasimulia walivyoingia kwenye kazi ya kuweka mitaji kwenye kampuni changa, na kesho ya pesa za mtandaoni wanaionaje. Mimi ni karani wa hesabu wao. Nilikaa nyuma na sahani ya sambusa zisizo na pilipili, maana ndizo walizotuletea.

Mmoja akasema siku inakuja, mtu ataendesha maisha yake yote kwa simu bila kukanyaga benki. Nikatabasamu peke yangu. Mama yangu pale Ngamiani, Tanga, hajawahi kukanyaga benki. M-Pesa ilifika Tanzania 2008, na 2014 mtu wa Tigo alishaweza kumtumia wa Airtel moja kwa moja, Voda akajiunga 2016. Kesho ya huyu bwana sisi kwetu ni juzi.

Ila tusijivune sana. Huku nikimrudishia mwenzangu pauni 20, inaingia papo hapo na hakuna anayekata kitu. Nyumbani nikituma bila kuongeza ya kutolea, simu inalia: "Mwanangu, na ya kutolea?" Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoingia 2021 ndiyo kabisa, kwetu tukarudia mambo ya kumpa kondakta wa basi bahasha ya pesa ya kwenda Muheza.

Kilichonikera ni walipoulizwa makosa yao. Mkubwa wao akasema 2021 waligawa pesa kama njugu, riba zikiwa chini, kila mwenye wazo akapewa. 2022 riba zikapanda. Machi 2023 Silicon Valley Bank, benki ya Marekani iliyohudumia kampuni changa, ikaanguka, na kampuni yake tanzu ya Uingereza ikauzwa kwa HSBC kwa pauni 1. Ukumbi ukacheka. "Tumejifunza," akasema, akanywa maji.

Hesabu za kazi hii nazijua, ndizo zinazonilisha. Mfuko wa kawaida wa namna hii huishi kama miaka 10. Wanaouendesha huchukua ada ya asilimia 2 hivi ya mfuko kila mwaka, na faida ikipatikana, asilimia 20 yake ni yao. Isipopatikana? Ada walishaila. Pesa iliyopotea karibu yote ni ya waliowapa.

Sasa nimfikirie kijumbe wetu kule Ngamiani, msimamizi wa mchezo wa kuchanga na kupokezana pesa. Mama mmoja muuza vitumbua, ana daftari lenye kava la gazeti lililolowa mafuta, na watu 20 wa mchezo, kila mmoja 10,000 kwa wiki. Mkono wa kwanza ni wake, basi, ujira wake umeishia hapo. Mwaka mmoja mwanachama alipokea laki mbili zake akapanda basi la Dar, namba haikupatikana tena. Kijumbe akauza cherehani yake kuziba pengo. Zamu ya mama yangu ilipofika, kijumbe alikuja alfajiri, pesa kaifunga kwenye pindo la kanga, noti zinanuka iliki. Hakusema amejifunza nini. Alisema, "Hesabu mbele yangu."

Nisimpambe kupita kiasi. Kijumbe hamkopeshi asiyemjua, na kijana wa Deep Sea, hapo hapo Tanga, anayetaka injini ya mashua hana pa kuandikwa kwenye daftari lile. Hapo wakubwa zangu nawavulia kofia, maana wanampa mgeni mamilioni kwa maneno yake tu. NALA, programu ya Mtanzania Benjamin Fernandes ninayotumia kumtumia mama, ilipata dola milioni 40 kwa wawekezaji wa aina hii 2024. Mchezo wa Ngamiani usingezifikisha hata ukoo mzima ukiingia. Lakini anayebeba pesa za watu akiwa hana chake kikubwa cha kupoteza, mimi utabiri wake wa kesho nausikiliza kwa sikio moja.

Jumapili nikampigia kijumbe. Shikamoo, marahaba, vitumbua vinaendaje, unga umepanda. Nikamweleza kazi ya wakubwa zangu, na ile asilimia 2.

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, mama."

"Hata mchezo ukivunjika?"

"Hata ukivunjika."

Akanyamaza, nikasikia mafuta yanachemka kwenye karai.

"Waulize," akasema, "kama wanatafuta mtu."