Wimbo wa Max una mwenyewe

Tarehe 5 Agosti 1985, mwanamuziki Kate Bush alipoutoa wimbo wake "Running Up That Hill" kule Uingereza, Kampala ilikuwa na siku tisa tu tangu wanajeshi wa Okello wamwondoe Rais Obote. Watu walikuwa na mengine ya kusikiliza. Watoto waliozaliwa wiki ile walikuwa wanakaribia miaka 37 wimbo ulipowafikia, Mei 2022, ndani ya msimu wa nne wa tamthilia ya Stranger Things.

Mimi ulinikuta kwenye kibanda cha video, kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi. VJ, yule mtafsiri wa filamu, alikuwa ametafsiri kwa Kiganda tangu mwanzo bila kupumua, akitia na mizaha yake. Ikafika pale binti Max anapokamatwa na lile jini, rafiki zake wanamvalisha vipokea sauti, kaseti inaanza kuzunguka. VJ akasema neno moja, "Wuliriza," yaani sikiliza, akanyamaza. Kibanda kizima kikanyamaza naye. Sidhani watatu mle ndani walifuata maneno ya Kiingereza.

Rafiki yangu mmoja, DJ wa miaka mingi, anasema siku hiyo ndiyo wimbo uliuawa. Hoja yake si ya kupuuzwa. Bush aliimba juu ya mwanamume na mwanamke wanaotamani kubadilishana nafasi ili waelewane, hata wakimwomba Mungu asimamie makubaliano. Sasa ngoma ile ikilia ukumbini, vijana wanamwona Max anapaa hewani. Wimbo mpana umekuwa kengele ya tukio moja. Anaongeza kwamba watayarishaji wakishaonja faida ya nyimbo za zamani, msanii mchanga hapewi hata sekunde kumi.

Hilo la wachanga namkubalia. Lakini kuuawa? Mwaka 1985 wimbo huu uliishia nafasi ya 3 kwenye chati ya Uingereza. Juni 2022 ukashika ya 1. Watu huitaja miaka hiyo 37 kama muujiza wa televisheni, na mimi kila nikiirudia naona kitu kingine: kwa miaka yote hiyo palikuwa na mtu wa kuulizwa. Anayetaka kutia wimbo kwenye filamu huhitaji ruhusa mbili, moja ya utunzi na moja ya rekodi yenyewe, na mara nyingi wenye ruhusa hizo ni watu wawili wasiopatana. Bush aliutunga na kuutayarisha mwenyewe, na haki za rekodi zilikuwa mikononi mwake. Alikuwa pia mtazamaji wa tamthilia hiyo. Akakubali. Angeweza kukataa, na hapo ndipo wanaosema "ameuza wimbo" wanapokosea: aliyeuza hana tena la kukataa.

Tazama tofauti. Mwaka 2003 bendi ya Placebo iliurudia wimbo huo, mzito na wa polepole, na toleo lao likasikika kwenye tamthilia ya The O.C. Kwa toleo kama hilo mtunzi hupata fungu la utunzi. La rekodi huenda kwa wenye rekodi mpya.

Na kwa nini wimbo wa mashine, si wa gitaa? Ngoma yake haichoki wala haiharakishi, kwa hiyo mhariri anakata picha popote anapotaka. Ule mlio mrefu wa mwanzo unamwachia mwigizaji nafasi ya kusema. Wanaodhani muziki wa umeme hauna roho wakakae kwenye benchi lile.

Huku kwetu mashine iliingia kwa mlango wa uhaba. Gulu, kaskazini mwa Uganda, kina Otim Alpha na Leo Palayeng walihamishia muziki wa harusi wa Kiacholi kwenye kompyuta, kwa sababu kukodi kundi zima la wapigaji ni gharama. Albamu ya Otim Alpha ya mwaka 2017 imesikika mbali na Acholi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 zaidi. Ila nimeona mtunzi akimpa mwimbaji wimbo kwa noti za mkononi, bila karatasi. Mtengeneza filamu akija mwaka 2050 akitaka ngoma ile, atabisha mlango wa nani?

Baada ya kibanda nilimpa kijana wa jirani anayejaza nyimbo flash yangu, na shilingi 500. Najua, hakuna hata senti iliyomfikia Bush. Faili lake alikuwa ameliita "max". Chini yake palikuwa na folda ya Kiacholi: harusi 1, harusi 2, hadi harusi 14. Nikamuuliza wameimba akina nani.

"Hizo za harusi tu, mzee," akasema. "Nikuwekee zote?"