Je, Sayari Ndizo Zinazolipangia Jua Ratiba?

Tumezoea kusema sayari huzunguka Jua, lakini Jua nalo halijatulia. Hukizunguka kitovu cha uzito wa mfumo mzima, na Mshtarii na Zohali zikikaa upande mmoja, kitovu hicho hutoka nje kabisa ya uso wa Jua. Mwaka 1965 mtafiti Paul Jose alikokotoa njia hiyo, akakuta inakaribia kujirudia kila baada ya miaka 178.7, akaona inaendana na kupanda na kushuka kwa madoa ya Jua, yaani mabaka meusi yanayoonekana usoni pake.

Hoja kwamba sayari ndizo zinazoyaongoza madoa hayo inavutia. Madoa huongezeka na kupungua kwa wastani wa miaka 11. Mshtarii humaliza mzunguko wake kwa 11.86. Nani asingeshuku?

Ila piga hesabu. Mzunguko wa madoa uliopewa namba 1 ulianza 1755, wa 25 ukaanza Desemba 2019. Mizunguko 24 kamili, miaka kama 265. Muda huohuo Mshtarii imezunguka mara 22 na ushei. Yaani imeachwa karibu mizunguko miwili.

Fizikia nayo inabana zaidi. Kila chembe ya Jua huvutwa na sayari karibu sawasawa, kama watu waliomo ndani ya lifti iliyokatika kamba: wote wanashuka pamoja, hakuna anayemkandamiza mwenzake. Kwa hiyo kuyumba huko kwa Jua kukizunguka kitovu hakulikorogi Jua tumboni. Kinachobaki ni tofauti ndogo ya mvutano kati ya upande wa karibu na wa mbali, ileile inayojaza na kupwesha bahari zetu. Juani, kujaa huko ni kwa kiasi cha milimita 1 hivi.

Hapo ndipo watetezi makini walipohamia, na kwangu hii ndiyo hoja yao pekee yenye miguu. Frank Stefani na wenzake wa Dresden, Ujerumani, wanasema Zuhura, Dunia na Mshtarii hujipanga kila miaka 11.07, na kwamba sayari hazihitaji kutoa nishati. Nishati inatoka kwenye gesi moto inayozunguka na kuzalisha sumaku ndani ya Jua. Sayari zinatia mdundo tu. Sawa, lakini milimita hiyo inaufikiaje mtambo huo wa sumaku ulioko ndani ya Jua? Bado maelezo hayajanitosheleza.

Utabiri nao ni mtihani. Mwaka 1987 watafiti Fairbridge na Shirley, wakitegemea kuyumba kwa Jua, walitarajia kipindi kirefu cha utulivu, yaani madoa machache, kuanzia 1990 hadi 2013. Mzunguko wa 23 ukaja na kilele cha kawaida tu; uliodorora ni wa 24, ambao kilele chake kilikuwa 2014. Wapinzani wasicheke sana, lakini. Jopo la wataalamu lililoitishwa na mashirika ya Marekani, NASA la anga za juu na NOAA la bahari na hali ya hewa, lilikadiria mzunguko wa 25 ungefikia kilele cha madoa 115. Ulifika kama 160 mwaka 2024.