Shilingi 61 Katika Kila 100: Hasira ya Deni Inauliza Nini

Jumatatu ya Juni 24, 2024, Kenya ilimaliza kulipa Yurobondi, mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, wa miaka 10, uliochukuliwa Juni 2014. Wawekezaji walikuwa wameshinda mwaka mzima wakijiuliza kama Nairobi itashindwa kulipa kama zilivyoshindwa Lusaka na Accra, yaani Zambia na Ghana. Jibu likaja: imelipa, tena siku yenyewe. Kesho yake, Jumanne, vijana waliingia Bungeni wakipinga Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza ushuru. Sehemu ya jengo ikawaka moto, risasi zikapigwa, watu wakafa. Kufikia Julai mosi, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Kijana wa miaka 22 aliyekuwa barabarani siku ile alikuwa na miaka 12 mkopo ule ulipochukuliwa.

Tangu hapo nimesikia maelezo ya aina moja kutoka kwa watu ninaowaheshimu, wachumi na watu wa Hazina ya Kitaifa: vijana wana uchungu wa haki, lakini hesabu hawaijui. Wanataka deni lipungue na papo hapo hawataki ushuru. Wanataka barabara, walimu na dawa, na hawataki kulipa. Nimeipima hoja hii kwa muda mrefu. Ina ukweli ndani yake, na nitausema. Ila naamini waliosomwa vibaya ni vijana.

Hoja ya serikali si ya kupuuzwa. Mwai Kibaki alipoondoka 2013 deni la taifa lilikuwa chini kidogo ya shilingi trilioni 2. Uhuru Kenyatta alipoondoka 2022 lilikuwa limepita trilioni 8.5. Katikati ya 2024 lilikuwa trilioni 10 na nusu. Rais William Ruto alilirithi, ingawa kwa miaka yote ile lilipokuwa likipanda yeye alikuwa Naibu Rais. Mapema 2023 mishahara ya watumishi wa umma ilichelewa, na mshauri wake wa uchumi, David Ndii, akatuambia waziwazi kwamba ilikuwa ama mishahara ama deni, tuchague. Januari 2024 dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kununua sehemu kubwa ya mkopo wa zamani uliokuwa wa asilimia 6.875. Mkopo ghali kufuta mkopo nafuu, ndiyo, lakini shilingi ikapata pumzi ikarudi kwenye 130 hivi, na mafuta ya gari yakashuka bei.

Anayedhani kushindwa kulipa ni mchezo aangalie Ghana. Ilisimamisha malipo ya madeni ya nje Desemba 2022, na mwezi uleule ikawageukia waliokuwa na hatifungani, yaani hati za kuikopesha serikali, ndani ya nchi. Mwaka uliofuata wazee wastaafu walikuwa wakiketi nje ya Wizara ya Fedha wakidai akiba zao. Dawa ya deni ni kulipa, na Kenya ililipa.

Kisha kuna jambo ambalo upande wa serikali hulirudia sana, na wana haki. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa ulete kiasi cha shilingi bilioni 346. Rais alipokataa kuutia saini, pengo lile halikutoweka. Julai 5 alitangaza litazibwa vipi: matumizi yangekatwa kwa bilioni 177, na bilioni 169 zingekopwa. Kwa maneno mengine, hasira iliyozaliwa na deni ilizaa deni jingine. Nimewasikia watu wakilitumia hili kama pigo la mwisho la mjadala.

Mimi naiangalia ile 177.

Tangu Mei tuliambiwa kwamba bajeti imekazwa hadi mfupa, kwamba hapana pa kukata, kwamba ama tulipe VAT ya asilimia 16 kwenye mkate ama nchi ikwame. Juni 26 Rais akaukataa mswada. Siku tisa baadaye zikaonekana bilioni 177 za kukatwa. Ofisi ya Mke wa Rais, ya mke wa Naibu Rais na ya Mkuu wa Mawaziri zikaondolewa bajeti zao. Mashirika 47 ya serikali yakatangazwa kuvunjwa kwa kuwa kazi zake zinafanywa na mashirika mengine. Ununuzi wa magari mapya ukasimamishwa mwaka mmoja. Mashirika yale hayakuanza kufanana kazi wiki ile ya Julai. Yalikuwa hivyo tulipokuwa tukijadili mkate. Kwa miaka, Msimamizi wa Bajeti Margaret Nyakang'o alikuwa akieleza katika ripoti zake jinsi pesa zinavyomalizikia kwenye safari na marupurupu, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akieleza zake, na ripoti hizo zikawekwa kabatini. Kilichobadilika katika siku zile tisa ni kimoja tu, nacho ni woga. Sasa nani hakujua hesabu?

Nirudi kwenye tarakimu iliyotawala msimu ule. Rais alisema katika kila shilingi 100 za ushuru, 61 zinakwenda kulipa deni. Alikusudia tuelewe ugumu wake. Watu wengi walisikia kitu kingine: kwamba jasho lao linapita tu mikononi mwa serikali likielekea Beijing na Washington. Naomba tuifungue tarakimu hii polepole, maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko lile lililotajwa.

Kwanza, zile 61 ni mchanganyiko wa riba na mtaji, yaani mkopo wenyewe, na sehemu nzuri ya mtaji hulipwa kwa kukopa upya. Ukiitazama riba peke yake, ile isiyorudisha hata senti ya deni lenyewe, unapata kiasi cha thuluthi moja ya mapato au zaidi kidogo. Katika bajeti ya 2024/25 ilikadiriwa kufika shilingi trilioni 1. Kaunti zote 47, pamoja na zahanati na hospitali zake, zilipata mgao wa bilioni 387.

Pili, na hapa ndipo wengi wetu tunateleza, sehemu kubwa ya riba hiyo haivuki mpaka. Kufikia Juni 2024 deni la ndani lilikuwa limelipita la nje: zaidi ya trilioni 5.4 dhidi ya chini kidogo ya trilioni 5.2. Na kwa kuwa deni la ndani ndilo lenye riba kali, ndilo linalokula zaidi. China, tunayoitaja kila siku, ilikuwa inadai chini ya robo ya lile la nje. Anayelipwa yuko Nairobi. Ni benki, zinazoshikilia karibu nusu ya deni la ndani. Ni mifuko ya pensheni, yenye zaidi ya robo. Ni kampuni za bima, na watu binafsi wenye pesa ya kuweka.

Sasa tazama Februari 2024. Serikali iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Ilitafuta bilioni 70, ikachukua bilioni 240.9. Riba yake ni asilimia 18.46 kwa mwaka, na kisheria riba hiyo haikatwi kodi. Piga hesabu: ni kiasi cha bilioni 44 kila mwaka kwa mkopo huo mmoja. Miezi mitatu baadaye ukaletwa mswada unaotaka asilimia 16 kwenye mkate.

Nimekaa na hizi tarakimu mbili nikazigeuza kila upande. Mwenye milioni 10 aliyeziweka Februari analipwa zaidi ya milioni 1.8 kwa mwaka bila kutozwa kodi kwenye mapato hayo. Mama anayenunua mkate wa watoto kwenda shule angetozwa kila asubuhi, na sehemu ya alichotozwa ingekwenda kumlipa yule wa kwanza. Kwa haki, hatifungani ile ilisaidia kuinua shilingi, na mswada uleule ulipendekeza kodi ya asilimia 5 kwa riba za hatifungani za miundombinu za baadaye. Na VAT ya mkate iliondolewa Juni 18, kabla ya siku ya Bunge. Lakini pendekezo lilipotoka mezani mara ya kwanza lilikuwa hivyo: asilimia 5 kwa mwenye mtaji, 16 kwa mwenye njaa. Hili si suala la kujua au kutojua hesabu. Ni suala la nani alikaa chumbani ilipopigwa. Na lilikuja juu ya mzigo wa mwaka mmoja tu nyuma, VAT ya mafuta iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 na makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara.

Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Kilio cha 2024 ni cha watu walioitwa matangani bila kualikwa arusini, na kwa kweli hata bila kuambiwa arusi ilikuwa ya nani. Pesa za Yurobondi ya 2014 zilimsumbua Mkaguzi Mkuu wa wakati ule, Edward Ouko, kwa miaka, akitafuta miradi iliyojengwa nazo. Serikali ilisema ziliingia katika kapu moja na pesa nyingine, zikatumika. Pengine ni kweli. Lakini jibu hilo halimpi mlipaji kitu cha kushika.

Sisi wa Mombasa tuna mfano wetu wa kushika. Reli ya SGR ilifunguliwa Mei 31, 2017, kwa mikopo ya China ya zaidi ya dola bilioni 3 kwa kipande cha hadi Nairobi, kisha bilioni 1.5 za kuifikisha Naivasha, inakoishia. Abiria wanaipenda, na sitawanyang'anya furaha hiyo, safari ya saa tano hivi ni neema. Lakini reli ilihitaji mizigo ili ilipe deni, na 2019 likatoka agizo kwamba makontena yapande treni. Madereva wa malori, mawakala, mafundi na wauza chakula wa Mariakani, Voi na Mtito Andei wakalipa gharama ambayo haimo katika mkataba wowote. Vijana wa vuguvugu la Okoa Mombasa waliandamana kila Jumatatu. Ruto alipoapishwa Septemba 2022 aliirudisha kazi ya kutoa mizigo bandarini, na hilo tunamshukuru. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeshasema 2020 kwamba kandarasi ya reli ile ilitolewa kinyume cha sheria, ingawa Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo 2023. Mikataba yenyewe ilibidi watu waende kortini Mombasa kuidai, korti ikaamuru itolewe Mei 2022, na sehemu tu ikatolewa Novemba mwaka huo. Yaani tulikuwa tumelipa miaka mingi kabla ya kuonyeshwa karatasi tunayolipia.

Hasira nayo ina makosa yake. Wito wa kukataa madeni yote kwa mkupuo ungemfikia kwanza mwalimu mstaafu, kwa kuwa pensheni yake iko ndani ya hatifungani zile. Kudhani kwamba wizi ukikoma deni litayeyuka ni kujidanganya, riba ya trilioni moja haiishi kwa kufuta safari. Na 2021, watu zaidi ya laki mbili walipotia saini ombi mtandaoni kuitaka IMF iache kuikopesha Kenya, wengi wetu hatukufikiri kwamba mlango wa mkopo nafuu ukifungwa serikali itagonga mlango wa mkopo ghali.

Lakini Katiba yetu, kifungu cha 201, inasema mizigo na manufaa ya mikopo ya umma igawanywe kwa usawa kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Kijana wa Juni 25 ni kizazi kile kijacho. Amefika. Alichodai ni orodha: kila mkopo, ulijenga nini, nani alilipwa, nani anaendelea kulipwa. Rais aliunda jopo la kukagua deni Julai 5, 2024, Mahakama Kuu ikalisimamisha siku chache baadaye, kazi hiyo ikiwa tayari ni ya Mkaguzi Mkuu kikatiba. Hapakuhitajika jopo. Palihitajika kumpa Mkaguzi fedha na mafaili, kisha kuyafanyia kazi atakayoyasema.

Badala yake tumepewa kitu kipya. Julai 2024, wiki zilezile za maandamano, tozo ya matengenezo ya barabara kwenye mafuta ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwaka 2025 zile shilingi 7 za nyongeza zikawekwa rehani ili zipatikane bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi waliokuwa wakidai kwa muda mrefu. Wakandarasi walistahili kulipwa, mitambo ya wengine ilikuwa imepigwa mnada na benki. Ila serikali ilishikilia kwamba mpango huo si deni la taifa. Dereva wa tuktuk anayejaza lita 5 katika kituo chochote hapa Mombasa anatoa shilingi 35 za mkopo ule kabla hajapata abiria wa kwanza, na shilingi hizo 35 hazihesabiwi katika zile 61.