Kadi Imeingia, Kazi Haipo

Jamani, nani alikaa kikao akaamua kadi ya kuchomeka kwenye laptopu, kama hii yangu ya intaneti, iwe na upana wa milimita 54, halafu mwaka 2003 wakaleta aina nyingine kabisa, na toleo lake moja wakalikatia milimita 54 hizo hizo? Ya kwanza PC Card, iliyofuata ExpressCard. Tunduni kwa nje, mapacha. Ukichomeka isiyohusika inaingia kidogo, inagoma, na wewe unaongeza nguvu ukidhani ni vumbi. Usisukume! Zile pini 68 za PC Card ziko ndani ya mashine, kadi yenyewe ina vitundu tu. Ukizipinda, kadi ya bei poa inatoka salama salimini, laptopu ndiyo inabaki kilema.

Haya, tuseme imeingia iliyo sahihi. Mashine inalia "tiriri", unatabasamu. Taa ya kadi? Giza. Unafungua orodha ya vifaa, unakuta alama ya mshangao ya njano. Unabofya: kifaa hakiwezi kuanza, Kodi 10. Kumi kati ya ngapi? Afadhali hata hiyo, maana kuna siku alama haipo na imeandikwa kabisa kwamba kifaa kinafanya kazi vizuri. Kinamfanyia nani?

Shemeji yangu, ambaye ni fundi wa kila kitu mpaka umpe bisibisi, akasema, "Weka draiva." Yaani ile programu inayoifundisha kompyuta kuitumia kadi. Sawa. Draiva iko kwenye intaneti. Intaneti inapitia kwenye kadi. Kadi inasubiri draiva. Nikaishia kumbembeleza jirani anipakulie kwenye flashi, naye akataka kujua kwanza naitaka intaneti ya nini.

Kadi ikawaka. Nikienda msalani nikirudi, imekufa. Naichomoa, naichomeka, inafufuka. Mashine ikisinzia tu, inakufa tena. Kuchimbua mipangilio, nikakuta kisanduku kimetiwa tiki: kompyuta iruhusiwe kuzima kifaa hiki ili kuokoa umeme. Nani aliitia? Skrini inamulika nyumba nzima, feni inavuma usiku kucha, diski inakoroma, lakini wa kubana matumizi ni kadi peke yake!

Nikaiondoa tiki. Kadi haikuzimika tena. Shemeji kapita, kaiona taa inawaka, kavuta kiti:

"Si nilikwambia ni draiva?"