Tuige silabasi yao, vifaa vitafuata

Mjadala wa elimu ya mazingira nyumbani, uwe wa Moshi au wa Arusha, haukosi kuishia kwenye vifaa. Kipimo cha oksijeni hakuna, jokofu la maabara limekufa, basi la chuo liko gereji. Yote kweli. Ila ukiwa huku Marekani ukatazama kozi hiyohiyo inavyoendeshwa, unaona kwamba pengo kubwa zaidi ni la kitu ambacho steshenari yoyote ya mjini Moshi inaweza kukichapa kabla ya saa nne asubuhi: karatasi za sheria za kozi. Mwanafunzi anapewa wiki ya kwanza, na kuanzia hapo zinamfunga yeye na zinamfunga mwalimu.

Kozi ya utangulizi ya sayansi ya mazingira kwenye chuo cha kawaida cha miaka miwili huku huanza na silabasi ya kurasa nyingi, na sehemu kubwa ya kurasa hizo wala si mada. Inasema kazi ikichelewa inakatwa kiasi gani (asilimia 10 kwa siku ni kawaida, na baada ya siku chache haipokelewi kabisa). Inasema jaribio lipi la wiki litafutwa, kwa kawaida lile lenye alama ndogo kuliko yote. Inataja ukikosa vipindi vingapi vya maabara umefeli kozi nzima hata kama mitihani umeipata yote. Inataja siku ya mwisho ya kujitoa ili cheti kiandikwe W (amejitoa) badala ya F (amefeli), na saa ambazo mwalimu anakaa ofisini kusubiri wenye maswali. Autlaini (muhtasari wa kozi) nyingi za nyumbani ni orodha ya mada, orodha ya vitabu, na mstari mmoja: CA 40, UE 60, yaani kazi za muhula alama 40 na mtihani wa mwisho wa chuo alama 60. Mengine yote mwanafunzi anayajua kwa tetesi za mwaka wa pili.

Mstari huo mmoja una uzito wake. UE ikibeba 60, mtu anaweza kuzama tangu wiki ya nne na asijijue mpaka matokeo yatoke. Huku mtihani wa mwisho mara nyingi haufiki 30. Zilizobaki ni majaribio madogo, ripoti za maabara na kazi za kila wiki. Usumbufu wake ni kwamba hupumui. Na wanaokuja kutoka nyumbani hubabaishwa na alama. Kwa digrii za kwetu 70 ni A na 60 ni B+. Huku 90 ndiyo A, 80 ni B, na 72 uliyoishangilia Moshi ni C. Wala si kwamba wao wana akili zaidi: maswali yao ni mengi na mepesi mepesi, yetu ni machache na mazito. Anayelinganisha vyeti viwili kwa kutazama asilimia tu anajidanganya. Krediti nazo ziko hivyohivyo. Ya kwetu moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, darasani na nje; ya kwao moja ni saa 1 darasani na saa 2 za kujisomea kila wiki kwa wiki kama 15, yaani saa 45 hivi. Kwa hiyo kozi yao ya krediti 3 si ndogo. Ina saa 135, ambazo kwetu zingeandikwa krediti 13 au 14.

Sasa tufike mtoni, maana hapa ndipo sheria za kozi ya mazingira zinapotofautiana na za kozi ya uhasibu.

Sheria ya kukosa maabara haiwezi kunakiliwa kutoka idara nyingine, kwa sababu kila kipimo kina muda wake wa kuishi. Chukua vitendo vya kawaida vya ubora wa maji: kundi linapima Mto Karanga juu kabla ya mji, kisha chini baada ya mji. Joto na pH hupimwa palepale, ndani ya dakika 15. Oksijeni iliyoyeyuka hupimwa kwa mashine hukohuko mtoni, au, kama mashine hakuna, chupa inajazwa bila kuacha hata povu la hewa, inatiwa salfeti ya manganizi na mchanganyiko wa iodaidi wenye alkali papo hapo ukingoni, halafu inakaa gizani na kutitretiwa (kupimwa kwa kudondoshea kemikali tone kwa tone) siku hiyohiyo ndani ya saa 8. Makundi mengi yanaharibikiwa hapa: wanabeba maji matupu, bila kemikali hizo, kwenye chupa ya maji ya dukani hadi maabara, safari nzima yanatikisika na kunyonya hewa, na mto mchafu unatoka na oksijeni ya kupendeza. Naitreti inavumilia saa 48 ikiwa kwenye deli lenye barafu, nyuzi 4 hivi. Bakteria wa kinyesi ni wa siku hiyohiyo.

Floridi, ambayo ndiyo habari yetu hasa watu wa chini ya Mlima Meru, haina haraka kabisa. Sampuli kutoka Maji ya Chai au Ngarenanyuki inakaa siku 28 bila barafu wala kemikali, mradi chupa ni ya plastiki. Kioo hakifai kwa sababu floridi hushikana nacho. Unaongeza bafa yake (kimiminika cha kutuliza pH), kiasi sawa na sampuli, ili alumini na chuma visiishikilie, unapima kwa elektrodi, unalinganisha na kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita.

Ukishalijua hilo, sheria yenyewe inajiandika. Aliyekosa siku ya floridi arudie, sampuli zipo kabatini. Aliyekosa siku ya oksijeni kwa sababu yenye ushahidi hawezi kurudia, mto wa Jumatano iliyopita haupo tena; apewe data za kundi, aandike ripoti yake mwenyewe, na alama za ushiriki wa mtoni zihamishiwe kwenye kipimo kingine. Aliyekosa bila ushahidi apate sifuri ya siku hiyo, basi. Kinachoniudhi ni utaratibu wa kila mmoja kwenda ofisini kuomba kivyake, ambapo anayejua kuongea anasaidiwa na mpole anakula sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Ratiba ya BOD, kipimo cha oksijeni inayoliwa na bakteria wanapoozesha uchafu majini, nayo iandikwe kwenye karatasi hiyo. Kipimo kinakaa siku 5 gizani kwenye nyuzi 20. Ukianza Jumatatu, siku ya kusoma ni Jumamosi na mwenye funguo yuko shambani. Ukianza Jumanne, ni Jumapili. Kwa hiyo fildi (safari ya kupima mtoni) ya BOD iwe Jumatano, Alhamisi au Ijumaa, kwisha. Sampuli za chini ya mji zizimuliwe kwa maji safi yenye hewa kwa viwango viwili vitatu, kwa sababu chupa iliyomaliza oksijeni kabla ya siku ya tano haina jibu: lazima ibaki angalau miligramu 1 kwa lita, na iliyoliwa iwe angalau 2. Umeme ukikatika, joto la chumba Moshi mwezi wa pili linapanda kupita 20 kwa mbali, bakteria wanakula haraka na namba inakuwa kubwa kuliko ukweli. Silabasi nzuri ya huku husema mapema kifanyike nini data zikiharibika, kwa mfano: unapewa za mwaka uliopita, unaandika ripoti, unaeleza kilichoharibika, na hukatwi alama kwa kosa lisilo lako. Nyumbani nimeona watu wakipika namba. Wanapika kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kueleza umeme ulikatika saa ngapi ni jibu halali.

Na masika. Semesta ya pili inaangukia mvua, mto unajaa tope, na tofauti ya juu na chini inafutika. Kozi nzuri za huku huweka tarehe ya akiba ya fildi tangu wiki ya kwanza. Sisi tunaahirisha asubuhi ile, kosta imeshalipwa.

Kuhusu msaada kwa mwanafunzi, sitaki kuwasifu wa huku kupita kiasi. Wana kituo cha kufundishwa bure, kituo cha kusaidia uandishi, maktaba inayoazima kitabu cha kozi kwa saa mbili, kabati la chakula kwa waliokaukiwa, mshauri wa msongo wa mawazo. Lakini vyote vinamsubiri mwanafunzi aende mwenyewe, na mtoto aliyelelewa kutomsumbua mwalimu hafiki. Nyumbani kuna diskasheni ya jioni, kuna CR (mwakilishi wa darasa) anayefuatilia aliyepotea, kuna watu wa hosteli wanaojua hujala. Ukikosa darasa wiki mbili huku, unaweza kupata barua pepe ya mfumo. Kwetu mtu atakugongea mlango.

Wanachotushinda ni haki iliyoandikwa. Mwenye ulemavu analindwa na sheria ya 1973 na ile ya 1990. Chuo kinampa barua, anaipeleka kwa kila mwalimu kila semesta, na mtihani wa saa moja anaufanya kwa saa moja na nusu. Kuna mtego wageni hawaujui: barua hairudi nyuma. Ukiipeleka baada ya kufeli mtihani wa kwanza, ule wa kwanza umekwenda. Tanzania nayo ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, lakini kwenye autlaini haipati hata aya moja. Kwa kozi ya fildi aya hiyo ni rahisi: mwanafunzi mwenye ualbino apangiwe kundi la saa moja asubuhi, avae kofia pana na mikono mirefu, asomewe skeli ndogo za vifaa na mwenzake bila kukatwa alama; asiyeweza kushuka ukingoni awe mwandishi wa data na mkalibrishaji (msahihishaji kabla ya kupima) wa mashine ya pH. (Na kwa maji yetu ya volkano, yenye alkali, kalibrisha kwa bafa 7 na 10, ile ya 4 haikusaidii.)

Sapu ni jambo ambalo nyumbani tunalibeza bure. Huku hakuna. Ukifeli, unailipia kozi upya na kuirudia semesta nzima. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, ana tatizo la ziada: lazima abaki na krediti 12 kwa semesta, kwa hiyo kujitoa kwenye kozi inayomshinda bila idhini ya afisa wa wanafunzi wa kigeni kunaweza kumharibia viza kabla hakujamharibia GPA (wastani wa alama). Akiugua, apeleke barua ya daktari kwa afisa huyo kabla ya kuacha chochote. Tena kozi ya mtandaoni moja tu, ya krediti 3, ndiyo inayohesabiwa katika hizo 12. Maabara ya mazingira ya mtandaoni inavutia, lakini ukichukua mbili umejimaliza.

Nyumbani kosa linalofanana na hilo ni kukosa UE kwa ugonjwa na kunyamaza. Mwenye kibali hufanya mtihani maalum, unaohesabiwa kama wa kwanza na alama zake kamili. Asiye na kibali anaingia kwenye sapu, ambayo kwa kawaida haivuki C hata ujibu kama mwandishi wa kitabu. Tofauti ya hao wawili ni barua ya hospitali iliyofika kwa mkuu wa idara kabla ya mtihani au mara baada yake, yenye muhuri, nakala kwa mshauri wa wanafunzi. Hili linatakiwa kuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa autlaini, kwa herufi nene.

Kwa wadogo zetu wanaokuja huku, mawili ya haraka. Data za kundi ni za wote, ila sentensi na grafu ni zako. Diskasheni ikizaa ripoti nne zenye aya zinazofanana, huku hilo ni kesi ya udanganyifu na wote wanne mnaitwa. Na barua pepe kwa mwalimu: mstari wa kwanza uwe namba ya kozi na swali lenyewe. Shikamoo na habari za familia zinapendeza kwa Dokta wa Moshi, huyu wa huku anaishia mstari wa pili.

Limebaki suala la mchango wa fildi. Chuo cha huku kinachotoza ada ya maabara huionyesha siku ya kujisajili, kabla hujachagua kozi. Kwetu CR anatangaza kwenye WhatsApp jioni kwamba kesho kila mtu aje na nauli ya kwenda kituo cha floridi cha Ngurdoto, wakati bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) halijaingia na wasio na mkopo hawana pa kulitarajia. Posho ya chakula na malazi ya mkopaji ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na siku ya fildi nauli inatoka humohumo. Kiasi kiandikwe wiki ya kwanza, kigawanywe na tarehe ya kulipa, na iandikwe pia kwamba asiyeweza kulipa atapimia sampuli zilizoletwa na wenzake, kwa alama zilezile. Kwa floridi inawezekana. Tumeshaona, inakaa siku 28.